Sifa za Gari la Kusukumwa

Wapo waliosifu ngamia, wapo waliosifu majahazi, na siku hizi wapo wanaosifu magari yanayojiegesha yenyewe huku dereva amekunja mikono. Mimi nalisifu gari ambalo haliwaki mpaka lisukumwe. Nalisifu hadharani, bila haya, nikijua fika kwamba mafundi watanipinga, maana wao wana betri za kuuza.

Kwanza ijulikane kuwa gari hili si bovu. Gari bovu ni lile lisilokwenda. Hili likishawaka linakwenda vizuri tu, linapanda, linapakia, linapiga honi. Linachokataa ni kuanza kabla ya kuombwa, tabia ambayo kwa mgeni rasmi tunaiita heshima.

Aliyeanza kuiharibu heshima hiyo anajulikana kwa jina. Ni Charles Kettering, Mmarekani aliyebuni stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo gari lilibembelezwa. Dereva alishuka, akachomeka hendeli mbele ya injini, akazungusha, na injini iliyoamka vibaya iliirudisha hendeli kinyumenyume ikamvunja mkono. Watu waliyaogopa magari yao kama inavyostahili. Land Rover za zamani, zile zilizohudumia mabwana shamba na misheni zetu, ziliendelea kuwa na tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele, kwa ajili ya wale ambao hawakumwamini Kettering moja kwa moja. Yeye alidhani ameondoa taabu, kumbe ameondoa watu.

Sisi wa Mwanza tuliyaelewa haya mapema, kwa sababu mji wetu ni wa mawe na vilima, na gari letu la kwanza lilikuwa la beringi. Ulikwenda gereji, ukaomba beringi zilizokufa, ukatafuta ubao wa kukalia na miti miwili ya ekseli. Ekseli ya nyuma iligongomewa misumari ikatulia. Ya mbele ilishikwa na bolti moja katikati ili igeuke, na usukani ulikuwa nyayo zako mbili, au kamba kwa waliojiweza. Breki ilikuwa kisigino, ndiyo maana kandambili za watoto wa Isamilo ziliisha nyuma kwanza. Chuma juu ya lami kilipiga kelele ambayo hakuna mzee aliyejilaza mchana aliyewahi kuisamehe.

Kuteremka kulikuwa bure. Kupanda ndiko kulikotaka siasa. Mwenye beringi alikaa, asiye na beringi alisukuma, na aliyesukuma mpaka juu alipewa zamu ya kuteremka. Mwenye ubao alikuwa na kura ya turufu. Mvua ikinyesha, bunge lilivunjwa. Nimezisoma katiba kadhaa tangu wakati huo, na sijaona iliyotekelezwa kwa uaminifu zaidi.

Wenzetu wa Goma wamefika mbali kuliko sisi. Chukudu yao, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini, hubeba magunia ya viazi na makaa kwa nguvu ya mguu mmoja unaoisukuma ardhi, na mjini wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Mwanza tuna sanamu ya samaki. Samaki hajawahi kumfikisha mtu kazini.

Basi nilipoketi kwenye usukani wa gari la baba mdogo, sedani ya Kijapani ya rangi ya maziwa ambayo betri yake ilikuwamo kwa ajili ya kujaza nafasi, sikuwa mgeni wa elimu hii. Unaweka swichi. Unakanyaga klachi, unaingiza gia namba mbili, unatoa ishara. Wasukumaji wakilifikisha gari kwenye mwendo wa mtu anayekimbia, unaiachia klachi kwa ghafla: magurudumu yanaizungusha injini badala ya stata, gari linashtuka, linakohoa, linawaka. Namba moja haifai, kwani inaikaba injini mno. Magurudumu yanaweza kugoma, na waliokuwa nyuma wakagonga videvu kwenye buti. Likishawaka, klachi tena upesi, resi kidogo, na usithubutu kuzimisha.

Hapo kwenye kuzimisha ndipo ulipo ubora wa shule hii. Mwanafunzi mwenye gari zima akizimisha kwenye mlima wa Bugando anageuza ufunguo na maisha yanaendelea. Wetu akizimisha ilibidi baba mdogo ashuke, avute tai vizuri, aanze kuwaamkua watu. Mguu wangu wa kushoto ulipata akili kabla ya kichwa.

Na kuamkua kwenyewe! Baba mdogo alikuwa mhasibu, mtu wa maneno machache, ambaye bila gari hili asingemfahamu hata muuza karanga wa kona yetu.

"Vijana wangu, habari za asubuhi? Hebu nisogezeeni kidogo."

"Shikamoo mzee. Leo tena?"

"Marahaba. Leo ndiyo mwisho, kesho nanunua betri."

Hicho kidogo kilikuwa kuanzia dukani mpaka msikitini. Katikati ya safari aliwajua wana wa nani, nani amefaulu, nani ana mgonjwa. Siku za Jumapili walijipanga nyuma ya buti mzee wa kanisa, kijana wa kijiweni na mama mwenye kitenge kipya, mmoja akaita "Haraaambee!", wengine wakaitika, na kwa dakika nzima hapakuwa na mtu mtaani aliyemzidi mwenzake cheo, isipokuwa mimi niliyekaa.

Gari hili pia ni ulinzi. Mwizi anahitaji wenzake wanne, mteremko, na majirani wenye usingizi mzito. Shemeji anayependa kuazima magari ya watu haulizi mara ya pili. Tena linamfundisha mwenyewe jiografia: akienda kupanga nyumba hahesabu vyumba, anatazama barabara inateremkia wapi, kisha anatafuta jiwe la kuwekea tairi. Dar es Salaam, ambako ardhi yenyewe imelala, nawaonea huruma.

Mwenye shaka aitazame Safari Rally ya zamani, ilipokuwa ikikimbizwa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ya mtumba, jambo linalotosha kuwanyamazisha wanaodharau magari yaliyotumika. Mwaka 1963, na tena 1968, yalimaliza magari saba tu, na mara zote mbili mshindi akawa Nick Nowicki na Peugeot 404. Kumbukumbu zimeandika dereva, zimeandika gari, zimeandika saa. Wanakijiji waliosimama kwenye tope, suruali zimekunjwa magotini, wakilisukuma kila lililonasa, hawana hata kikombe cha bati.

Adui wa sasa ni gia otomatiki. Magari mengi ya mtumba yanayoshushwa bandarini kutoka Japani ni ya aina hiyo, na mtaa mzima ukisukuma hadi jioni injini haigeuki, kwa kuwa giaboksi yake inangoja pampu inayozungushwa na injini ileile iliyolala. Mwenye gari hilo betri ikimfia anakaa ndani anapiga simu. Anakuja fundi na nyaya zake, analipwa, anaondoka. Jirani anapita na kikapu chake cha dagaa, hajui hata kama kuna shida.

Lawama moja dhidi ya gari letu naikubali. Likishawaka, dereva hawezi kusimama kuwashukuru waliosukuma, maana akisimama litazima na kazi ianze upya. Kwa hiyo wenye jasho hubaki barabarani wamefunikwa na moshi huku msaidiwa akipotelea kwenye kona. Baba mdogo aliliona hilo akaamua angalau kupiga honi. Siku ya pili aliacha, kwani honi nayo inakula betri. Tangu hapo akawa anatoa mkono dirishani, na hata huo aliwahi kuurudisha ndani, gia namba tatu ikimngoja.