Ubavu wa Kushoto

Siku hizi mtaa mzima unaniita Songoro. Muuza genge ndiye aliyeanza, bodaboda wakadakia, na leo asubuhi mtoto wa chekechea kaniamkia, "Shikamoo Babu Songoro," kwa adabu zote. Hiyo adabu ndiyo iliyoniuma.

Samaki mwenyewe alinasa Kigamboni, ngalawa imetia nanga, nahodha amelala. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana mstari mweusi wenye kingo nyeupe toka mdomoni hadi mkiani. Nikamlaza ubavu juu ya kifuniko cha boksi la barafu, kichwa kushoto, nikampiga picha. Programu ya simu ikajibu bila kigugumizi: songoro! Nani asiyemjua songoro, minofu minene myeupe, akipata tui la nazi? Nikairusha picha kwenye kundi la mtaa, pamoja na mwaliko wa chakula cha jioni. Nyuma yangu samaki akajipindua chali. Nikadhani anakata roho.

Kumbe alikuwa anatia nanga. Tulipofika ufukweni nilimshika mkia kumwinua, likaja boksi zima. Nikalikanyaga boksi, nikavuta kwa mikono miwili. Watu wakajaa. Mwingine akanishauri nimpike na boksi. Mwishowe kijana mmoja wa kuparua samaki akanionea huruma: "Mzee, huyo chazo. Havutwi, anasukumwa." Akamsukuma mbele kwa kidole, na chazo akaachia bila ubishi.

Utosini ana kitu kama soli ya ndara, na hiyo soli ni pezi la mgongo! Chazo akiwa bado kichanga, pezi lake la mbele husogea hadi kichwani, likapanuka, na miiba yake ikageuka kuwa safu za vibao vyembamba. Ukingo laini unaoizunguka soli hubana pande zote. Vibao vikiinuka, panabaki mnyonyo. Juu ya vibao kuna vijimeno vilivyoelekea nyuma, vya kuing'ang'ania ngozi ya papa anayembeba. Papa akiongeza mwendo, maji humsukuma abiria nyuma, naye ndivyo anavyozidi kukaza. Akitaka kushuka, husogea mbele kidogo tu. Ndiyo maana wavuvi wa zamani wa pwani hii walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia akamgande kasa, kisha wakavuta: kila wakivuta, anakaza. Mimi nilikuwa nimemsaidia kukaza mbele ya umati.

Na anatambuliwa kwa kuhesabu vibao hivyo. Chazo wa mistari huwa navyo 18 hadi 28. Songoro, ambaye ni jamaa yake wa karibu, hana soli. Ana vijiiba vifupi 7 hadi 9 vilivyosimama kila kimoja peke yake. Tofauti yote iko juu, na desturi ya vitabu vya samaki ni kuwaonyesha ubavu wa kushoto. Programu nazo zinataka ubavu. Simu yangu ilipewa ubavu, ikasoma mistari, ikaniozesha chazo.

Wageni walikuja na mabakuli. Walikula dagaa.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zamani, alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, dunia ya wasomi ilitikisika, kisha Profesa J.L.B. Smith akamtafuta wa pili miaka 14, hata akatangaza zawadi ya pauni 100. Alipatikana mwaka 1952 Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Kijana wangu wa kuparua anamtambua samaki kwa kumtupia jicho, akiwa kifudifudi, chali au vipande vipande; siku akiomba kazi ya kuhesabu samaki bandarini, ataulizwa cheti cha kidato cha nne. Analipwa kwa ndoo.

Mimi naendelea kuvua, na samaki wanaendelea kunifunza. Chafi amenichoma tangu hapo: kidole kwenye maji ya moto, maumivu yakapungua, maneno ya mke wangu hayakupungua.

Kikande alikata ndoano, akaondoka nayo.

Na bunju, ambaye sumu yake haiishi kwa kupikwa, alivimba mkononi mwangu nikiwa nawasha simu. Programu ikaniagiza nimlaze ubavu wa kushoto. Bunju aliyevimba hana ubavu.