Sifa za Shilingi Mia ya Makato

Watu husifu vikubwa: Mlima Kilimanjaro, Daraja la Kigamboni, harusi ya mtoto wa fulani. Mimi naomba kuisifu shilingi mia, ile inayokatwa kwenye salio alfajiri kabla mwenye simu hajanawa uso, kwa huduma ambayo hakumbuki kuiomba.

Ina adabu jamani. Kibaka wa Kariakoo hana muda wa salamu. Hii huanza na "Ndugu mteja". Inakupongeza kwa kujiunga, inakutajia bei, na pale mwisho kabisa inakupa neno la kutuma ukitaka kujitoa. Ukilituma, unajibiwa kwamba ombi lako linafanyiwa kazi. Kesho alfajiri inaendelea na kazi kama kawaida.

Tena haina makuu. Aprili 2021 bei za bando zilipanda kwa mkupuo, watu wakachachamaa, serikali ikaagiza zirudishwe za zamani. Julai ikaja tozo ya miamala ya simu, nayo ikajionyesha mno. Kabla mwaka haujaisha ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ndiyo malipo ya majivuno hayo. Shilingi mia haitoshi hata andazi, nani ataipigia kelele? Ni kweli ikikatwa kila siku inafika 36,500 kwa mwaka, lakini ni mtu gani mwenye roho ya korosho hata akae apige hesabu hiyo?

Nisiwasahau wasaidizi wake. Mtaani kwetu kuna bibi anauza mchicha. Kiswaswadu chake kikaunganishwa na habari za mpira wa Uingereza. Mjukuu akapiga huduma kwa wateja na kuweka spika. Bonyeza moja kwa Kiswahili. Bonyeza nne. Wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Ukapigwa wimbo, ukaisha, ukaanza upya. Mwishowe mhudumu akapokea, akaamkia vizuri, akataka majina kamili yaliyosajili laini na namba tatu zilizopigwa karibuni, kisha akatoa hukumu: "Bibi, Mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe."

Bibi akauliza huyo Mfumo ni mtoto wa nani.

Hakujibiwa. Angejibiwaje? Mfumo hana baba wala mama, hakosei, hasahau, wala haitwi kizimbani kuhojiwa.

Bibi hakuachwa hivihivi lakini, kwani sheria imemwekea ngazi. Aanze na kampuni. Asiporidhika apande Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Na huko asiporidhika, akate rufaa Baraza la Ushindani. Hebu fikiria: mawakili, majalada, vifungu vya sheria, watu wazima na suti zao, wote wamekutana kwa heshima ya shilingi mia! Nauli ya daladala ya kwenda kuifuata inaizidi mara kadhaa, na mchicha nao unanyauka mezani. Hapo ndipo nilipoivulia kofia. Ukubwa wake umepimwa kwa akili sana: kuidai ni hasara kuliko kuisamehe, na wanaoisamehe ni wengi.

Katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927. Nawaomba wenye mamlaka waitafutie shilingi mia nafasi pale jirani, ichongwe kwa shaba, watoto wa shule wapelekwe kuiona. Ila gharama zake, tafadhali, zisikatwe kwenye salio langu.