Klachi ya Bwana Mkubwa

Hongera, bwana mkubwa! Bei ya fundi umeikataa. Klachi ya MGB yako utaibadilisha mwenyewe. Kazi nyepesi tu. Gari hilo, lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, halikubali giaboksi ishushwe kwa chini. Sharti injini itolewe kwa juu, baada ya boneti na rejeta. Tafuta winchi, na jirani asiye na maswali mengi. Beringi ya klachi ni ya grafiti, bei yake haifiki popote. Basi iache ileile kuukuu, mwakani uing'oe injini tena. Mazoezi ni afya. Ila boliti zitakazobaki sakafuni usimfiche fundi utakapomwita. Atazihesabu mbele ya mkeo, na bei yake safari hii haina mapatano.