Muulize Shangazi wa Bungu: Mkonge Umechukua Blanketi Langu

Wiki hii barua nyingi ni za baridi. Kwetu Bungu, huku pwani, kipupwe kikizidi tunaongeza khanga ya pili, basi, hadithi imekwisha. Lakini mimea mnayoililia imetoka kwenye ua wangu na wa jirani zangu, kwa hiyo mzigo ni wangu.

*Shangazi, shikamoo. Nimehamishiwa Makete kufundisha, nikaja na maotea ya mshubiri kutoka nyumbani. Nikayapanda bondeni karibu na bustani za vinyungu, penye udongo mweusi na maji tele. Asubuhi moja ya Julai nikakuta nyasi zimekuwa nyeupe na mshubiri umelegea, rangi ya chai. Mwalimu mwenzangu anasema hapo kuna mkono wa mtu. Nimshuku nani?*
— Mwalimu wa Masweta Mawili

Marahaba, mwalimu. Mshuku aliyechagua bondeni.

Ulichokiona ni jalidi. Usiku usipokuwa na mawingu, ardhi hupoteza joto, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Wenye vinyungu wanalijua hilo tangu enzi. Viazi vyao vimeungua mara ngapi? Sasa jani la mshubiri ni tangi la maji. Maji yakiganda huharibu seli, jua likichomoza tangi linavuja. Hakuna mchawi anayeamka saa kumi za usiku kwa ajili ya mche ambao huku tunawapa kuku.

Panda upya kwenye mteremko, ubavuni mwa ukuta wa mawe au tofali. Ukuta hupata joto mchana na kulirudisha polepole usiku. Vitabu vya bustani kutoka Uingereza vitakuambia uchague ukuta unaotazama kusini. Vifunge. Makete iko kusini mwa ikweta, na Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, hivyo mshubiri wako nao utazame kaskazini. Ukiusogeza kwa mashariki utakuwa unatazama nyumbani, na wewe utapata mwenzio wa kuwaza naye.

Una bahati moja ambayo Wazungu wangeilipia: mvua zenu zinakatika kabla ya baridi kali kufika. Mche uliokauka miguu hustahimili ubaridi ambao ungeua uliolowa. Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti usimwagilie hata tone, na changanya mchanga mwingi na kokoto kwenye shimo. Ule udongo mweusi uliokufurahisha uachie kabichi. Majani yaliyoungua usiyakate sasa, maana ndiyo yanayokinga moyo wa mche, subiri Septemba. Moyo ukiwa mgumu utachipua. Ukinuka, njoo likizo uchukue mwingine.

Na usipate tamaa ya kupanda Kitulo. Huko juu, kwenye mita 2,600, pana maua yake yenyewe, na watu wamepaita Bustani ya Mungu bila kuusubiri mshubiri wako.

*Shangazi, tunaishi Leicester. Mume wangu, mtoto wa Kibiti, amepanda nje mkonge, dungusi kakati na mshubiri. Jioni ya baridi anatoka na tochi kuufunika mkonge kwa blanketi. Blanketi ni langu. Majirani wanamsifu kwa mimea ya ajabu kutoka Afrika. Mimi nalala na soksi.*
— Mke wa Pili Baada ya Mkonge

Mwanangu, blanketi mnyang'anye leo hii, na sababu ya kitaalamu unayo: blanketi likilowa linaukumbatiza mmea na maji usiku kucha. Huko kwenu mimea hii haiuawi na baridi peke yake, bali pia na mvua ya majira ya baridi, inayotuama kwenye moyo wa majani mizizi ikiwa imelala na haina uwezo wa kunywa. Mume wako amtengenezee mgeni wake paa la plastiki gumu, pembeni wazi upepo upite. Tuta liinuliwe kwa kokoto, na mche ulazwe upande kidogo ili maji yateleze.

Hayo yote yatasaidia kidogo tu, nisikudanganye. Mkonge na mshubiri wa pwani viingie kwenye chungu: nje Juni hadi Septemba, kisha ndani dirishani. Anayetaka kitu cha kukaa nje mwaka mzima ajaribu Aloe striatula, wa milima ya Afrika Kusini na Lesotho, au dungusi kakati wa Amerika Kaskazini, maana wako wanaolala chini ya theluji hadi Kanada. Naye akitamba kwa majirani mkumbushe kisa cha Tresco, kisiwa kilicho mbele ya Cornwall ambako baridi ni adimu. Kuna bustani iliyoanzishwa 1834, imejaa mimea ya aina hii, na Januari 1987 theluji na barafu ziliiteketeza sehemu kubwa. Nao walikuwa na watunza bustani wa kuajiriwa, si mtu mmoja na tochi.

Halafu hiyo sifa ya "kutoka Afrika." Mkonge ni mgeni hata kwetu. Asili yake Mexico, Dk. Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na mwaka 1893 vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Hakuna kilichopewa blanketi la mke wa mtu.

*Shangazi, huku Nyamisati kuna kikandaa, majani yake manene yamejaa maji. Nikipeleka miche Njombe niwauzie wapenda maua, nitatoka kimaisha?*
— Mjasiriamali

Utatoka, ila sijasema utaelekea wapi. Kikandaa ni mkoko, na mikoko ni hifadhi. Wakala wa misitu, TFS, watataka kibali kabla hujapakia boti. Tena unene wa majani yale ni wa kupambana na chumvi, na hakuna jamii ya mikoko inayoipenda jalidi. Mteja wako wa Njombe atakupigia simu Julai.

*Shangazi, kuku wamemaliza mshubiri wa mapambo niliouziwa bei mbaya kando ya barabara ya Kilwa. Angalau hawatapata mdondo?*
— Jirani yako, hapa hapa Bungu

Watapata, mshubiri si chanjo. Kawadondoshee chanjo jichoni, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Mche njoo uchukue kwangu, ila kuku wako wabaki kwako.