Barua ya Wazi kwa Kamati ya Jengo Letu: Hongereni kwa Mitungi Myekundu

Kwa Kamati ya Usimamizi wa Jengo la Biashara,
Feri, Mombasa.

Waheshimiwa,

Sisi wapangaji tunawapa hongera kwa mitungi ya kuzimia moto mliyotununulia. Ni mizuri, mashallah. Yote ni myekundu, yote ni ya unga mkavu, yote ni ya kilo 6, yote imetoka kwa muuzaji mmoja kwa risiti moja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Nyinyi mmepiga hatua zaidi: mmeamua kwamba na mioto yote ni sawa mbele ya mtungi.

Bahati mbaya, moto haujaisoma Katiba.

Kwa faida ya wanakamati ambao hufika hapa tarehe za kodi tu, naomba niwatembeze kidogo humu ndani. Mbele, panapotazama watu wanaokimbilia kivuko, pana jiko la viazi karai, bajia na samaki. Makarai mawili ya mafuta hayapoi tangu alfajiri, kwa sababu wanaovuka hapa hukadiriwa kufika laki tatu kwa siku na wengi wao hutoka nyumbani bila kifungua kinywa. Ubavuni pana duka la simu, lenye chaja zinazogombania soketi moja. Juu kuna saiba. Nyuma kuna ghala la mitumba, marobota hadi darini. Na mitungi ya gesi ya kupikia, hiyo imesimama pale ilipopata nafasi.

Nianze na makarai, maana ndiyo yanayoninyima usingizi.

Mafuta ya kupikia yakipita kiasi cha nyuzi 340 hivi za joto huwaka yenyewe, bila kiberiti. Unga wenu utaupiga ule mwali ukalala, nasi tutapiga makofi. Lakini unga haupozi mafuta. Yatabaki na joto lile lile, na baada ya punde yatawaka upya, wakati mtungi ushakwisha, kwa sababu kilo 6 za unga humalizika chini ya nusu dakika. Hapo atatokea kijana mwenye moyo mwema na ndoo ya maji. Waheshimiwa, maji ni mazito kuliko mafuta. Yatazama hadi chini ya karai, yatageuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Nafasi hiyo itapatikana kwa kuyarusha mafuta yanayowaka juu ya foleni ya wateja.

Moto wa mafuta ya jikoni una mtungi wake, wenye kemikali ya majimaji, ambao Waingereza huutambulisha kwa utepe wa manjano. Kemikali ile ikikutana na mafuta ya moto hufanya tabaka kama la sabuni juu yake, ikayanyima hewa na kuyapoza papo hapo. Kama bei yake inawatia kizunguzungu, basi leteni blanketi la moto, na mfuniko mkubwa wa bati unaotosha mdomo wa karai. Mfuniko hauhitaji zabuni.

Saiba kule juu na lile duka la simu vinataka mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, ambao hauachi uchafu. Unga nao utauzima moto wa kompyuta moja, kisha uingie ndani ya kompyuta zote zilizosalia na kuzila polepole. Mwenye saiba ataokoka na moto, afilisiwe na dawa. Marobota ya mitumba huungua ndani kwa ndani; unga utapamba juu tu, na kinachotakiwa pale ni maji au povu linalopenya. Kuhusu gesi, kwanza funga valvu. Ukiuzima mwali huku gesi inaendelea kutoka, umeikusanya tu chini sakafuni ingoje cheche.

Kwa hiyo chini ya paa moja tuna mioto isiyokubali dawa moja, na kamati imetuandikia dawa moja. Hata mganga wa mitishamba huuliza kwanza panauma wapi.

Tuje kwa fundi wenu wa ukaguzi. Hatuna lawama naye, ni kijana mtaratibu. Huja na kitambaa na kalamu. Kwa kitambaa hupangusa vumbi, kwa kalamu huandika tarehe, kisha huaga. Hajawahi kuonekana na mzani wala kuinamia kitako cha mtungi, na Feri hii ina upepo wa bahari, chumvi inakula mabati na milango, sembuse chuma kilichokaa sakafuni. Unga nao ukiingiwa na unyevu huganda. Siku mtakapoleta mitungi ya gesi ya kaboni, inshallah, mwambieni kabisa kwamba ile haina geji ya kutazama mshale: hujulikana imejaa kwa kupimwa uzito.

Hata hivyo mtungi huo wa unga tungeupokea kwa mikono miwili, lau tungeufikia. Mmeufungia stoo kwa kufuli ili usiibiwe. Cheti chake ndicho mlichokitundika mlangoni, ndani ya fremu ya kioo, penye mwanga mzuri. Nimekitazama sana. Sijaona pini ya kuvuta.

Msiseme sheria haikuwafikia. Kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilitolewa mwaka 2007, Tangazo la Kisheria namba 59. Zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi 12 na zoezi la kuondoka jengoni angalau mara moja katika muda huo huo. Zilikuwa hazijatimiza miaka miwili moto ulipolipuka katika supamaketi ya Nakumatt Downtown, Nairobi, tarehe 28 Januari 2009, na watu wapatao 29 wakafa. Kanuni zilikuwapo kwenye karatasi. Zoezi letu hapa sisi ni lile la kukimbilia kivuko, na tunalifaulu kila asubuhi.

Mtasema zimamoto watakuja. Watakuja, hawakatai kazi. Lakini watapita barabara ya Likoni, baina ya matatu, tuktuk, mikokoteni na foleni ya magari yanayongoja kuvuka. Dakika za mwanzo ni zetu wenyewe, na ndizo dakika ambazo mtungi una maana. Moto ukishashika marobota, mtungi wa mkono ni pambo.

Na mtasema hamuwezi kumnunulia kila mpangaji mtungi wake tofauti, ni usumbufu wa hesabu. Hapo ndipo mnaponishangaza. Ikija kodi, kamati hii huijua tofauti ya jiko na saiba hadi shilingi ya mwisho. Mwenye jiko hulipa zaidi kwa kuwa, kwa maneno yenu, "anatumia moto". Basi moto huo mnaoutoza kodi, ununulieni mtungi unaoufaa.

Tunachoomba si kingi. Aje mtu anayeijua kazi, apite chumba hadi chumba aulize nini kinaungua humu, kabla ya kuuliza bei. Mitungi itundikwe ukutani njiani mwa mlango, si stoo. Wafanyakazi wa jiko wafundishwe kuvuta pini na kulenga shina la moto, kwa Kiswahili. Na kabla hamjajadiliana kwenye mkutano wenu ujao, tuonyesheni leo hii nani anashika ufunguo wa stoo siku ya Jumapili, kwa maana Jumapili jiko halifungwi.

Wenu katika kulipa kodi,
Mpangaji wa chini, Feri.