Filimbi Bila Kibali: Barua ya Wazi kwa Maafisa wa Leseni wa Kaunti Zote 47

Waheshimiwa,

MINT: PONGEZI KWA KUILINDA BARABARA DHIDI YA FILIMBI

Nachukua nafasi hii kuwapongeza. Katika miji ambamo matatu hupita na muziki unaotikisa madirisha ya ghorofa ya pili, na muuza simu huweka spika mlangoni akawaelekezea wapita njia tangu asubuhi hadi jua linapotua, nyinyi mmeng'amua hatari halisi iko wapi. Iko kwa kijana aliyesimama na filimbi kando ya Aga Khan Walk jijini Nairobi, kofia imewekwa miguuni, nambari ya M-Pesa imeandikwa kwenye kipande cha katoni. Huyo ndiye anayepaswa kufika ofisini kwanza, aeleze mahali, siku, saa na makadirio ya watazamaji, ndipo askari wa kaunti wamwache apulize. Hapo kwenye makadirio ya watazamaji ndipo hasa ninapowastaajabia. Mtumbuizaji wa mitaani hana tiketi wala kadi za mwaliko. Watazamaji wake ni watu waliokuwa wakienda benki. Kumtaka awahesabu kabla wao wenyewe hawajaamua kusimama ni kumtaka awe mpiga ramli, na sina shaka kwamba ramli nayo mtaitafutia ada yake mwaka ujao wa fedha.

Hata hivyo, mtu akizisoma sheria za nchi hii hupata taabu kidogo kuwafuata. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara au maandamano amjulishe afisa wa polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Kumjulisha tu, haisemi amwombe. Kwa hiyo mtu anayekuja barabarani kuwapinga nyinyi anatoa taarifa, na mtu anayekuja barabarani kuwachekesha anaomba ruhusa. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, bila kusema kwamba unaishia mlangoni pa ukumbi wa kukodi. Na Jedwali la Nne la Katiba hiyo, mnalolitegemea kila mnapoulizwa mamlaka yenu yametoka wapi, limewakabidhi shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Nimelipitia sehemu ya kaunti kwa makini. Utoaji wa leseni umetajwa kwenye pombe, kwenye biashara na kwenye mbwa. Kwa shughuli za kitamaduni zenyewe haukutajwa. Wakili wenu atasema kwamba kukabidhiwa jukumu ni kukabidhiwa pia njia za kulitekeleza, na atakuwa na hoja. Lakini jukumu la kukuza utamaduni linalotekelezwa kwa kuufukuza utamaduni kutoka kwenye kona moja ya barabara hadi nyingine linahitaji maelezo marefu kuliko hayo.

Ili tuelewane, inafaa tukumbuke kibali cha aina hii kimetoka wapi, kwa maana hakikubuniwa City Hall. Mwaka 1572, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wazururaji. Ndani ya kundi hilo liliwaingiza waigizaji, wapiga muziki wa kuzunguka, wafanya mazingaombwe na wachezesha dubu, isipokuwa wale waliokuwa chini ya bwana mkubwa. Asiye na bwana alichapwa mijeledi na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Ndiyo maana wenzake Shakespeare walijiita watu wa Lord Chamberlain, na tangu 1603 wakawa watu wa Mfalme: jina la mkubwa ndilo lililokuwa kibali chao. Angalieni sheria ile ilivyofikiri. Haikuuliza mchezo huu umemdhuru nani, umeziba njia ipi, au umemnyima nani usingizi. Iliuliza swali moja tu: huyu ni wa nani?

Swali hilo lilipanda meli likaja hadi kwetu. Sheria za uzururaji za Waingereza zilipandwa katika makoloni yao, na ngoma za mijini zikawa jambo la kuombewa ruhusa kwa mkuu wa wilaya. Beni, ile ngoma ya gwaride iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilipita katika barabara za Mombasa na Lamu kwa tarumbeta, sare na vyeo vya kujipa. Maafisa wa kikoloni, badala ya kucheka kama kila mtu, waliichunguza kana kwamba ni jeshi la siri. Wakoloni wameondoka, lakini swali lao limebaki na wino wake. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Muungano wa Mawakili wa Afrika, ikasema kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake. Sisemi kwamba majaji wale walikuwa wakiwazungumzia wapiga filimbi. Nasema kwamba kibali chenu kina ugonjwa uleule: kinamtazama mtu kabla ya kitendo.

Mtasema nakuza mambo, kwamba kibali ni karatasi tu, na mtu asiye na nia mbaya hana sababu ya kuiogopa. Hoja hiyo ingekuwa nzuri kama Kamirithu isingekuwapo. Mwaka 1977 wakazi wa Kamirithu, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Kibali walikuwa nacho. Novemba mwaka huo kikafutwa, mchezo ukakoma. Hakuna aliyelazimika kwenda mahakamani kuonyesha ni sentensi gani iliyovunja sheria gani, wala kumleta shahidi aliyeumizwa na wimbo. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hiyo ndiyo raha ya kibali kwa mwenye kukitoa: anayetaka kumnyamazisha mtu kwa kosa lazima alithibitishe kosa, lakini anayetaka kumnyamazisha kwa kibali anahitaji muhuri na siku moja ya hasira. Sidai kwamba yupo kati yenu mwenye nia hiyo. Nasema chombo kiko mezani, na maafisa hubadilishwa.

Sasa nije kwenye kelele, maana najua mnaisubiri. Hapa nitawapa silaha iliyo bora kuliko zote mlizonazo. Halmashauri ya Westminster, London, ilianzisha leseni za watumbuizaji wa mitaani mwaka 2021. Katika uwanja wa Leicester Square kuna kampuni ya redio iitwayo Global, ambayo ilichoshwa na nyimbo zilezile zikirudiwa kwa spika chini ya madirisha yake siku nzima, ikaipeleka halmashauri mahakamani. Machi 2025 hakimu akakubali kwamba ile ilikuwa kero kweli. Akafika hadi kusema kuwa kumlazimisha mtu asikie sauti zilezile tena na tena ni mbinu inayojulikana ya kutesa akili. Kuanzia Aprili 17 mwaka huo Westminster ikasimamisha utumbuizaji uwanjani pale. Mimi niko upande wa wafanyakazi wale wa redio. Lakini someni kisa hicho mara ya pili. Leseni zilikuwapo. Zilikuwapo kwa miaka minne. Halmashauri ilikuwa na namna ya kumjua mwimbaji ni nani, na bado haikuweza kuipunguza sauti yake. Kilichowatesa watu pale ni spika na marudio, na vyote viwili hupimwa kwa kifaa na saa, havipimwi kwa kitambulisho.

Kifaa hicho tunacho, na sheria yake pia. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tunazo tangu 2009, na Jedwali la Nne lilelile limewapa nyinyi udhibiti wa uchafuzi wa kelele. Hazichagui kelele ya nani. Ndiyo sababu napendekeza, kwa unyenyekevu wote, jaribio dogo. Tumeni askari mmoja na kipima sauti asimame kati ya mpiga filimbi na lile lori la matangazo lililopangwa spika hadi juu, na wasichana wanne wenye fulana za kampuni wakicheza mgongoni mwake. Aandike anachokiona kwenye kipimo. Kisha aende kwenye mkutano wa kampeni, na baada yake kituo cha matatu ambapo makanga watatu wanagombea abiria mmoja. Naahidi kukubali matokeo yoyote yatakayompata mpiga filimbi, mradi yatumike kwa wote. Nina wasiwasi kidogo tu kwamba lori lina mwenyewe mkubwa na mkutano wa kampeni una mwenyewe mkubwa zaidi, tukarudi 1572 kabla ya saa sita mchana.

Hoja ya msongamano na wezi wa mifukoni sitaidharau, kwa kuwa ina ukweli. Ukimweka mwanasarakasi kwenye njia nyembamba ya Tom Mboya Street, watu watashuka barabarani na gari litawagonga. Basi katazeni hapo, kwa kila mtu, mkiwemo nyinyi mnaoruhusu vibanda. Lakini jiji lina nafasi pana ambazo watu walizipigania zibaki za umma. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga hapo jengo la maduka na maegesho, mjukuu wake Zarina Patel na Wangari Maathai walikuwa miongoni mwa waliouzuia. Treni za chini ya ardhi za London, tangu 2003, zimewawekea wanamuziki alama za nusu duara sakafuni na zamu za kupokezana. Wao, ni kweli, huwachuja wanamuziki kwanza, lakini zile ni njia za ndani zenye mwenyewe, si barabara. Mnachoweza kuiga ni rangi ya sakafuni na daftari la zamu. Kuhusu wezi, mwizi wa mifukoni hukamatwa kwa kuiba. Msongamano wa jioni kwenye vituo vya matatu humnufaisha kuliko kitu chochote, na bado sijasikia pendekezo kwamba abiria waombe kibali cha kusubiri gari.

Yamebaki mapato, ambayo mna adabu ya kutoyataja kwanza. Kofia ya mtumbuizaji hujazwa sarafu za shilingi 10 na 20. Anayeweza kulipa ada ya hafla kutoka kwenye kofia hiyo hatakuwa barabarani. Atakuwa amekodi ukumbi. Kwa hiyo ada haimwingizi kwenye vitabu vyenu, inamgeuza tu mtu asiye na karatasi, na mtu asiye na karatasi hulipa kwa njia nyingine, papo hapo, bila risiti. Mapato hayo yapo, nakubali, ila kaunti haiyaoni. Kinachoonekana ni kwamba watu wanaosimama kumtazama hununua maji, karanga na muda wa maongezi kwa wafanyabiashara ambao tayari wamewalipa nyinyi leseni.

Kwa hayo machache, naomba kibali cha kutumbuiza barabarani kifutwe. Mahali pake pawekwe ubao mmoja katika kila uwanja wa umma unaosema saa za kuanza na kumaliza, kiwango cha juu cha sauti, marufuku ya spika pale panapostahili, na zamu zinazogawanywa bure kwa anayefika kwanza. Atakayevunja masharti hayo ashtakiwe kwa alichofanya, awe ana gitaa au ana lori. Na mkimaliza kuuandika ubao huo, wapeni nakala yake askari wenu kabla hawajatoka kwenda kazini asubuhi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipa ada wa kaunti