Mhadhara wa Kwanza wa Elimu ya Mezani, Uliotolewa Barazani Mkomani

Waheshimiwa wazee wa baraza. Kina mama mlioketi kule upenuni mkijifanya hamsikilizi. Vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu, au kwa kukosa abiria, sitaki kujua. Na wewe ami muuza kahawa, ambaye nakusihi usigonge vikombe ninaposoma: asalaam aleikum.

Mimi, kama mnavyojua na kama kadi yangu inavyosema, ni Daktari wa Elimu ya Mezani. Nani amecheka? Shahada hii nimejitunuku mwenyewe, kwa kuwa Mkomani nzima hapakupatikana mtu wa kunitahini. Namshukuru pia mwenye ubao huu wa bao, ambao nimeuazima niwekee karatasi zangu. Ameniambia atauhitaji baada ya swala ya alasiri. Nimemwambia elimu haina alasiri.

Nianze na jina la mtaa, maana mwanachuoni wa kweli huanza na asili ya neno hata lisipoulizwa. Kete za bao ni komwe. Komwe huzaliwa na mkomwe. Mkomwe, Mkomani: mnaona wenyewe. Mtaa huu ulipewa jina kwa ajili ya mchezo wa mezani, na mimi nimetumwa kuurudishia hadhi yake... Ndiyo, mzee? Mzee anasema Mkomani ni penye mikoma, ile mikoma ya kusukia, na kwamba mkoma na mkomwe hawana udugu hata wa kunyonya. Nimepokea. Nitaitia tanbihi. Na wewe kijana uliyesema "koma" huko nyuma, sikuelewa kama ulikuwa wachangia au waniamrisha.

Tuingie ndani ya mada. Mwaka 2010, huko Toronto, Kanada, ulifunguliwa mkahawa uitwao Snakes & Lattes. Mtu huingia, hukuta rafu zimejaa maboksi ya michezo, huchagua boksi, huketi na wenzake, na hulipa. Hulipa nini? Hulipa kwa kukaa! Kahawa ina bei yake mbali. Kile kitendo cha kuweka makalio juu ya kiti na kucheza kina bei yake mbali. Nilipolisoma hilo sikupata usingizi. Nililala nikiwahesabu watu wanaokaa bure Mkomani tangu alfajiri hadi isha, nikakata tamaa ya kumaliza.

Ndipo nikakodi chumba kimoja, nikanunua meza nne, nikaandika ukutani: KUKAA, SHILINGI MIA KWA SAA. Mteja wangu wa kwanza alisimama mlangoni akasoma, akauliza, "Mia, pamoja na kahawa?" Nikamwambia kahawa mbali. "Pamoja na maneno?" Nikamwambia maneno ni bure. "Basi nipe hayo maneno hapa mlangoni," akasema, "kahawa nitakwenda kunywa kwa ami." Tukazungumza saa nzima, yeye nje, mimi ndani. Huyo ndiye mteja niliyezungumza naye kwa kirefu kuliko wote.

Sitasema mengi juu ya panka. Atakayefungua mkahawa wa michezo pwani ajue tu kwamba kadi za Ulaya zilitengenezwa na watu wasioijua kaskazi. Ukiwasha panka, shamba lako la ngano laruka hadi kwa jirani. Ukizima, kadi zavimba kwa jasho, na kufikia magharibi kadi hamsini zina unene wa chapati.

Sasa ladha. Watu husema kila mtu na ladha yake. Hilo si kweli. Kuna ladha yangu, na kuna watu ambao bado. Mimi kanuni yangu ni moja: mchezo usio na kijitabu cha sheria cha kurasa ishirini ni wali usio na nazi. Kwa hiyo kadi siitambui. Mtu apiga kelele "Niko kadi!" kana kwamba nyumba yaungua, mwenziwe amlisha mbili, wote wanacheka, na hakuna aliyejifunza chochote kuhusu uchumi wa Ujerumani. Ludo pia siitambui. Ile mliyoiona kwenye simu yangu ni utafiti.

Chukueni Catan, kazi ya Mjerumani Klaus Teuber, ambayo mwaka 1995 ilitwaa tuzo ya Spiel des Jahres. Ni kisiwa cha pembesita pembesita. Wavuna mbao, matofali, manyoya ya kondoo, ngano na mawe ya chuma, wabadilishana na wenzako, wajenga njia na makazi. Dadu zikileta saba, kile kijiti cha mwizi huhamishwa, na mwenye kadi kuzidi saba hutupa nusu. Nilieleza haya yote kwa dakika arubaini, kwa michoro. Mezani alikuwako mama mmoja auzaye nyanya soko la Kongowea, aliyeingia kujikinga mvua. Alisikiliza huku akihesabu noti zake. Alipomwona yule mwizi akauliza, "Huyu ndiye kanjo?" Kuanzia hapo hakuna aliyemwita jina jingine.

Tukaanza. Mimi nina kondoo tele, nataka tofali moja. Yeye ana matofali sita. Nikampa kondoo wawili, akatazama pembeni. Watatu, akanyanyuka, akaniambia, "Mwanangu, bei hiyo ni ya asubuhi." Mzunguko uliofuata nikampa kondoo wanne na ngano. Akanipa tofali, akaongeza, "Na hilo ni kwa sababu nakuonea huruma." Alishinda kabla mvua haijakatika. Mia ya kukaa hakulipa. Alisema alikuwa amesimama roho.

Niliwaletea pia Pandemic ya Matt Leacock, ya mwaka 2008, ambapo wachezaji hawashindani bali husaidiana kuyazima maradhi kabla hayajaenea duniani. Mama wa pili akaufunga mfuniko wa boksi. "Huu tuliuteza mwaka 2020," akasema, "na kafyu juu yake." Sikupata hoja.

Wingspan nitaipita haraka, ijapokuwa naipenda. Ni ya Elizabeth Hargrave, 2019. Toleo lake la kwanza lina kadi 170 za ndege wa Marekani Kaskazini, kila mmoja na chakula chake na kiota chake. Nilikuwa nausifu utulivu wa ndege hao pale kunguru wetu alipoingia dirishani, akachukua hamri, na yai moja la mbao la mchezo. Hamri alilila. Yai aliliangusha juu ya mabati ya jirani, na mchezo wangu hadi leo una upungufu wa yai.

Monopoly ina kisa chake. Asili yake ni mchezo wa Mmarekani Elizabeth Magie, aliyepata hataza mwaka 1904, nia yake ikiwa kuwaonyesha watu jinsi mwenye ardhi anavyonenepa kwa kodi. Dunia ikaupenda kwa sababu zile zile alizozichukia. Nilimfundisha fundi mmoja wa milango. Nikamwambia: nunua kiwanja kwanza, kisha ujenge nyumba. Alicheka mpaka akakohoa. "Kiwanja kwanza? Hawa watu watoka wapi?" Nyinyi mwajua alichokuwa akicheka. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: mtu hujenga, huoa humo, huzaa humo, hurithisha, na siku zote hulipa kodi ya uwanja kwa mwenye hati ambaye pengine hajapata kumwona uso. Fundi akataka tucheze kwa sheria za nyumbani. Tukakubali. Baada ya saa tatu hakuna aliyefilisika, hakuna aliyeshinda, na watu wanne wote walikuwa na kesi.

Na sasa, waheshimiwa, nyamazeni kidogo, kwa maana nafika kwenye lulu. Mwaka 2015 Mwaustria Alexander Pfister alitoa mchezo, na mchezo huo uliitwa *Mombasa*. Ndiyo. Sisi. Mwaka uliofuata ulishika nafasi ya kwanza katika tuzo ya Deutscher Spielepreis. Niliposoma hayo nilitembea kutoka hapa mpaka Kengeleni nikiwaamkia watu nisiowajua. Nikauagiza. Siku ulipofika nililialika baraza zima kuja kujiona.

Tukafungua. Tukatafuta Likoni, haimo. Feri, haimo. Daraja la Nyali halimo, Fort Jesus haimo, na viazi karai usiseme. Ni ramani ya Afrika nzima, na Mombasa ni jina la kampuni tu, moja kati ya nne. Nyingine ni Cairo, Cape Town na Saint-Louis. Mchezaji hununua hisa, hueneza vituo vya biashara barani, hukusanya ndizi, kahawa na pamba, hutafuta almasi, hujaza madaftari ya hesabu. Mwenye ubao huu akainama juu ya ramani, akavaa miwani, akauliza:

"Na wenyeji? Hao watezwa na nani?"

Nikapekua kijitabu mbele, nikakipekua nyuma. Nikamwambia, "Wenyeji hawamo, mzee."

"Basi hapo wamepatia," akasema, akavua miwani.

Nikaona ni wajibu wangu kama mtaalamu kusahihisha mambo. Nikawaeleza kwamba kampuni ya kweli ilikuwepo, ile Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kufanya makao yake Mombasa. Ilikuwa na hisa, ilikuwa na vituo, na madaftari yake yalijaa hasara. Mwaka 1895 ikawa imekwisha, serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi mikononi mwake. Kwa hiyo mtu yeyote anayeshinda mchezo huu kwa hisa za Mombasa anakwenda kinyume na historia. Aliyeshinda siku ile alikuwa kijana wa tuktuk, kwa hisa za Mombasa. Nilimweleza kosa lake. Akaniuliza kama kuna zawadi.

Hadithi haijaishia hapo. Baada ya watu kunung'unikia ile habari ya ukoloni kugeuzwa burudani, mwaka 2022 mchezo ule ule ulitolewa upya kwa jina la *Skymines*. Hisa zile zile, kampuni zile zile nne kwa majina mapya, ila Afrika imevuliwa na badala yake umevikwa mwezi. Mombasa imehamia mwezini, jamani, na hakuna aliyetutaarifu. Mwezini hakuna mtu wa kuvaa miwani na kuuliza maswali.

Limebaki bao. Nilikusudia kuliruka, lakini naona mnalitazama chini ya karatasi zangu. Haya: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita nyumbani, mbili na mbili ubavuni mwake, na ishirini na mbili mkononi. Ni namua kwanza, kisha mtaji. Halina dadu, halina kadi, halina kijitabu. Na hapo, kwa maoni ya kitaalamu, ndipo lilipo kosa lake: mchezo usio na kijitabu hauna mtaalamu, una wachezaji tu. Muyaka bin Haji wa Mvita hii hii alilitungia shairi, wala hakuwa na kadi kama yangu. Mwalimu Nyerere alilicheza. Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda Unguja akakaa na mabingwa, na mwaka 1995 akatoa tasnifu nzima juu ya akili zao. Mholanzi yule alikaa barazani akapata udaktari. Mimi nimekaa baraza hili miaka kumi na tisa, nimepata maumivu ya kiuno.

Inasemwa mtaani, na naomba leo tulimalize, kwamba mwezi uliopita mwenye ubao huu alinifunga mkononi, kete kumi na nne bado nimezishika, huku yeye akipatana bei ya changu kwenye simu. Kitaalamu huko hakukuwa kushindwa. Nilikuwa naupima mchezo wake kwa ndani. Aliporudia mara ya pili nilikuwa nahakiki vipimo. Mara ya tatu panka lilikuwa...

Ndiyo, mzee? Alasiri imeshaswaliwa? Lakini nimebakisha kurasa kumi na moja, na sura nzima ya keramu! Dakika tano. Tatu. Basi subiri niondoe karatasi, usivute, usi... Upepo huu! Kijana, shika ule ukurasa, una bei za meza! Ule mwingine uache, ni tanbihi ya mikoma.

Haya, chezeni. Ami, nipe kahawa moja, na kashata. Ngapi? Kumi, na mia ya nini?

Ya kukaa? Mimi nilikuwa nimesimama, ami. Muulize yeyote.